Kubadilisha kioo hakuhitaji namba ya siri

Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, Waziri mwenye dhamana ya maendeleo ya jamii, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi

YAH: ULINZI WA WATOTO MTANDAONI

Waheshimiwa, shikamooni.

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu. Mimi ni fundi simu, Ngamiani, hapa Tanga. Kibanda changu ni meza moja, feni mbovu, bisibisi, mashine ya hewa moto ya kubandulia vioo, na droo mbili. Droo ya chini ni ya simu za wateja, kila moja imefungwa mpira na kikaratasi: jina, tatizo, siku ya kuchukua. Zamani kikaratasi kilikuwa na mstari wa nne, wa namba ya siri.

Wateja wangu wengi ni wanawake, wala sijidanganyi kwamba mkono wangu ni mzuri kuliko wa kaka zangu wa kibanda cha pili. Wananijia kwa sababu ndani ya simu zao mna mambo yao: picha wamejipiga wakiwa na kanga moja, meseji za mume aliye safarini, majibu ya vipimo. Hawataki mwanamume ayaone. Siku nilipomchukua kijana wa kujifunza kazi sikulifikiria hilo. Alikuwa mpole, mwepesi kushika kazi, hata nikawa namwachia kibanda nikienda kununua vifaa. Kumbe alikuwa akihamishia picha za wateja kwenye memori kadi yake, leo tatu, kesho tano. Niligundua siku mteja mmoja alipokuja amejitanda mtandio hadi machoni, akaniwekea simu ya dada yake mezani bila kusema neno. Picha yake ilikuwa kwenye grupu.

Kijana nilimfukuza, na yule mama nilimfuata hadi kwake kumwomba radhi. Kisha nikaufuta ule mstari wa nne. Maana nilipokaa nikatafakari, kubadilisha kioo hakuhitaji namba ya siri. Betri haihitaji. Tundu la chaji halihitaji. Nilikuwa nakusanya funguo za watu kwa mazoea tu, kwa kuwa kila fundi anaomba na kila mteja anatoa. Siku hizi simu ikihitaji kufunguliwa, mwenyewe anakaa kwenye benchi, anaifungua kwa mkono wake, na tunaitazama pamoja.

Sasa niseme kilichonikalisha kuandika.

Mwaka jana, baada ya Isha, nafunga kibanda, mama mmoja ninayemfahamu alikuja na simu ya binti yake. Mtoto ana miaka 14, yuko kidato cha pili. "Dada, nifutie kila kitu humu, kisha uivunje." Nilimkalisha. Ilichukua muda kumtoa maneno. Kuna mtu alimwandikia yule mtoto akijifanya msichana wa Arusha, rika lake, mwenye video za kucheza. Wiki tatu zilikuwa za salamu tu: umekula, mmefunga shule lini, mwalimu wenu wa hesabu (akamtaja kwa jina) naye ni mkali? Baadaye ikaombwa picha. Kisha picha ya namna nyingine. Kisha mchezo ukageuka: tuma elfu thelathini au picha zinakwenda kwenye grupu la darasa lenu, na hapohapo akamwandikia majina ya wanafunzi wenzake kumi na mmoja, kuonyesha kwamba anawajua. Mtoto alitoa hela kwenye kibubu cha mama yake, akatuma kidogokidogo. Mama alijua siku alipoinua kibubu akakiona chepesi.

Nilimwambia tusifute. Ukifuta, unamfutia yule mtu.

Tuliripoti akaunti ile usiku uleule, tumekaa benchi, mbu wanatuuma. Mtandao wenyewe nauacha bila jina, maana sina hakika kama wenzake wangefanya vizuri zaidi. Menyu ya kuripoti ilikuwa ya Kiswahili, Kiswahili cha mashine, ila kinaeleweka. Tulichagua sababu kwenye orodha. Pa kueleza kilichotokea hapakuwapo. Baada ya saa chache likaja jibu kwamba wamepitia na hawakuona kosa. Mimi nikarudi kuzisoma zile meseji upya, nikijaribu kuziona kama anavyoziona asiyejua lugha hii. "Nakumwaga leo." "Nakuanika." "Konekisheni yako iko tayari, utatrendi shule nzima." Mtoto yeyote wa Tanga anajua hapo ameambiwa nini: picha zako za utupu zinasambazwa. Mashine iliyofundwa kwa Kiingereza inajua nini juu ya kumwaga? Si maji hayo?

Kesho yake mama alikwenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Kituo sikitaji, na nitasema haki: askari wa kike aliyewapokea alikuwa na utu, alimtoa mtoto pembeni akaongea naye kwa upole. Lakini vitendea kazi hakuwa navyo. Aliomba meseji zichapishwe ziletwe kwenye karatasi. Nendeni stesheneri, akasema. Mama akasimama nje ya stesheneri, simu mkononi, vijana wawili wako kwenye kompyuta, mashine ya fotokopi inanguruma, na miguu ikakataa kuingia. Alirudi kwangu. Tulizichapa meseji peke yake, picha tumezifunika moja baada ya nyingine.

Naomba mtulie hapo kidogo, waheshimiwa, kabla hatujafika kwenye kanuni. Mtoto amedhulumiwa kwa picha, na njia tuliyomwekea ya kudai haki inampitisha kwanza stesheneri.

Ile namba iliyopokea hela ilikuwa imesajiliwa. Bila shaka ilisajiliwa, laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole. Mnakumbuka foleni za mwishoni mwa 2019, watu wanalala kwenye ofisi za NIDA, na Januari 2020 laini zikaanza kuzimwa. Tuliambiwa ni kwa usalama wetu, tukakubali. Na jina lilitoka: bibi wa mkoa mwingine, mtu mzima ambaye meseji husomewa na wajukuu. Sisi wa mitaani tunajua inavyokuwa. Wakala amekaa chini ya mwavuli, bibi anaweka kidole, wakala anamwambia, "Bibi, alama haijashika, weka tena." Kidole cha kwanza ni cha laini ya bibi. Cha pili ni cha laini ya mtu asiyemjua mpaka anakufa. Ndiyo maana TCRA wenyewe wanatuhimiza kupiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa majina yetu. Mimi huwapigia wateja wazee nikiwa natengeneza simu zao, na si mara moja nimekuta laini ambazo mwenyewe hazijui.

Simaanishi usajili wa laini ufutwe. Namaanisha kwamba nchi hii ilishakusanya vidole vya watu wazima wote wenye simu, na mtoto yule hakupona. Kilichozaliwa ni soko la vidole vya kuazima.

Nalisema hili kwa sababu upepo wa dunia unavuma upande huo. Australia, kuanzia Desemba 10, 2025, imezuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, na kampuni isiyochukua hatua inaweza kutozwa hadi dola milioni 49.5 za kwao. Uingereza, kuanzia Julai 25, 2025, tovuti za ngono na nyinginezo zenye madhara kwa watoto zinatakiwa kuhakikisha umri wa anayeingia. Siwadharau wazazi wa huko. Wana uchungu kama wetu. Na hata sheria ya Australia imekataza kampuni kumwekea mtu kitambulisho cha serikali kuwa njia pekee ya kuthibitisha umri. Walijua kitambulisho kikishakusanywa kinakuwa mali ya wizi. Oktoba 2025 kampuni ya Discord, yenye mtandao wa kuchati, ilitangaza kwamba picha za vitambulisho vya watumiaji wapatao 70,000 huenda zimeangukia mikononi mwa wadukuzi, kupitia kampuni ya nje iliyokuwa ikiwasaidia kuhudumia wateja. Watu wale walivitoa ili kuthibitisha umri wao. Nami nikamkumbuka kijana wangu na memori kadi yake.

Na hapa kwetu, itathibitishwa simu ya nani? Kitambulisho cha taifa kinatolewa kwa aliyefikisha miaka 18. Mtoto hana. Simu anayotumia ni ya mama, laini ya mama, akaunti ya mama, na jioni ikishashushwa kutoka chaji inapita mikono mitatu: kaka anatazama mpira, dada anatazama misuko, mdogo anatazama katuni. Mtandao ukitaka uso wa mtu mzima, mama atauweka uso wake mara moja, na kuanzia hapo mtoto wa miaka 9 atahesabika mtu mzima mwenye vithibitisho vyote. Tutakuwa tumetoa nyuso zetu kwa kampuni za ng'ambo, na tumemvalisha mtoto koti la baba yake.

Kuhusu kuzima mitandao, nitasema machache, maana mnajua zaidi yangu. Mei 2025 mtandao wa X ulipozimwa, tulikuja kuelezwa kuwa ni kwa ajili ya maudhui ya ngono. Kilichotokea kwenye meza yangu ni hiki: wiki ile na zilizofuata, watu walikuja kuniomba niwawekee VPN, programu ya kupenya mtandao uliozuiwa, wengi wao wakiwa watoto wa shule waliotumwa na kaka zao. Tangu Oktoba 2023 TCRA inataka VPN zisajiliwe, na mimi sikuwawekea. Walijiwekea wenyewe, zile za bure, ambazo haijulikani nani anazimiliki na anatazama nini. Sasa simu za watoto zinazofika hapa zinapitia mlango wa nyuma, ambako hata chujio la kawaida la mtandao halifanyi kazi. Hilo sikulisoma popote, nalishika kwa mikono yangu kila siku.

Basi mtaniuliza, fundi, unataka nini?

Nataka mgeuke, mwache kututazama sisi, mzitazame kampuni.

Nichukue jambo moja dogo ambalo lingembadilishia yule binti hadithi yake yote. Alipofungua akaunti, mtandao ulimweka wazi kwa dunia nzima. Mtu yeyote aliweza kumwandikia. Mtu yeyote aliweza kuona anaowafuata na wanaomfuata, na ndimo yalimotoka yale majina kumi na moja. Mipangilio ya kufunga ipo, nimeiona, iko ndani ya menyu ya tatu. Nani aliamua kwamba mlango wa mtoto uanze ukiwa wazi na mtoto mwenyewe ndiye autafute ufunguo? Huo ni uamuzi wa watu, ulipitishwa kwenye kikao, na unaweza kupitishwa upya. Septemba 2022 mamlaka ya taarifa binafsi ya Ireland iliitoza Instagram faini ya euro milioni 405, na Septemba 2023 ikaitoza TikTok euro milioni 345, na miongoni mwa makosa ya wote wawili ni hilohilo: akaunti za watoto zilianza zikiwa wazi. Septemba 2024 Instagram ikaleta akaunti za vijana zinazoanza zikiwa zimefungwa. Zilianzia wapi? Marekani, Uingereza, Kanada na Australia. Kwetu hazikuanzia.

Kwa hiyo inawezekana. Kanuni inaweza kusema kwamba akaunti yoyote inayofunguliwa Tanzania ianze ikiwa imefungwa: mgeni haandiki kwanza, orodha ya marafiki haionekani, mahali alipo mtu hapaonyeshwi. Mtu mzima anayetaka kujulikana ataifungua mwenyewe, mfanyabiashara atafungua siku ileile. Hapo hamhitaji kujua umri wa mtu, hamhitaji uso wala kidole chake. Ni kama kioo. Kazi inafanyika bila namba ya siri.

Vivyo hivyo zawadi za laivu. Machi 2025 BBC ilitoa uchunguzi kutoka Kenya ulioonyesha wasichana, wengine wa miaka 15, kwenye laivu za TikTok, wakichochewa na watazamaji kwa vikatuni vya zawadi vinavyobadilishwa kuwa fedha, na kila zawadi kampuni inakata chake. TikTok ilijibu kwamba haivumilii unyonyaji. Mimi naangalia pale pesa inapopita. Anayekata asilimia kwenye muamala hawezi kusema hakuwapo.

Najua jibu mtakalopewa mkiwaita: hatuna ofisi kwenu, makao yetu ni Dublin, makao yetu ni California. Lakini Sheria ya Fedha ya 2022 iliweka kodi ya asilimia 2 kwa huduma za kidijitali za kampuni zisizo na makazi nchini, na njia ya kuzisajili TRA ikapatikana. Serikali ilipotafuta kodi, mlango uliuona. Naomba mpige hodi mlango huohuo kwa ajili ya watoto. Jirani zetu wameshapiga: Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta, wenye Facebook na Instagram, inaweza kushtakiwa Kenya, katika kesi za wahakiki wa maudhui waliokuwa wakifanya kazi Nairobi.

Mkishawapata, wa kwanza kuwadai ni mtu anayejua Kiswahili. Mtu, si menyu. Aijue "nakumwaga", aijue "konekisheni", awe zamu usiku maana vitisho huja usiku, na ripoti ya mtoto anayetishiwa ijibiwe ndani ya saa, akaunti isimamishwe huku ushahidi umehifadhiwa kwa ajili ya polisi. Nasema uhifadhiwe kwa sababu siku ya nne akaunti ile ilitoweka yenyewe, na mazungumzo ya upande wake yakaenda nayo. Kama ningemsikiliza mama siku ile ninavyowasikiliza wateja wengine, kwa maana ya kumfutia alichotaka, kusingebaki hata herufi. Matangazo ya biashara kwa Kiswahili wanayauza, na hapo hawakosi mtu wa kuyaelewa.

Kuna wanaowashauri, na sauti zao ni kubwa huko Ulaya tangu 2022, kwamba meseji zote zipekuliwe kabla hazijafika, hata zile za WhatsApp ambazo zimefungwa kati ya simu mbili. Naelewa wanachokitafuta. Nami nimeona picha ambazo ningependa nisingeziona. Lakini nawaomba mkumbuke akina mama wa Ngamiani. Mtoto akitokwa na vipele sehemu za siri, mama anapiga picha anamtumia nesi anayemfahamu, usiku, kabla ya kuamua kama aende hospitali. Marekani mwaka 2021 baba mmoja wa San Francisco alipiga picha ya namna hiyo ya mwanawe kwa ajili ya daktari. Mashine za Google zikaishika, akaunti yake ikafungwa, polisi wakamchunguza wakamwona hana kosa, na akaunti hakurudishiwa. Huyo alikuwa na gazeti kubwa la kumsemea. Mama wa hapa akifungiwa akaunti yenye picha za harusi yake, mawasiliano ya biashara yake na hela za kikoba, amwandikie nani?

Halafu turudi kwa binti yetu. Kila kitisho alichoandikiwa kilikuwa kwenye simu yake, wazi, tunakisoma. Namba ya hela ilikuwapo. Tarehe zilikuwapo, saa zilikuwapo. Hakuna kufuli la mtu yeyote lililohitaji kuvunjwa. Kilichokosekana ni wa kuusoma ushahidi ambao tayari tulikuwa tumeushika mkononi.

Ndiyo maana sehemu ya pili ya ombi langu ni ya gharama ndogo sana kuliko mitambo ya kupekua watu. Dawati la Jinsia na Watoto la kila wilaya liwe na kompyuta moja na mtu mmoja aliyefundishwa kuchukua ushahidi kwenye simu ya mtoto, palepale, mlango umefungwa, bila karatasi na bila stesheneri. Kampuni za simu ziwe na utaratibu wa kushikilia hela za namba iliyotajwa, saa ileile Dawati linapowapigia, kabla hazijatolewa kwa wakala. Na namba 116, ya msaada kwa watoto, ambayo mtoto anapiga bure, iandikwe nyuma ya kila daftari linalouzwa nchini. Nimewauliza watoto wanaopita kibandani kwangu. Wengi wanaijua ya vifurushi, hii hawaijui.

Takwimu mnazo. Utafiti ulioongozwa na UNICEF, ECPAT (mtandao wa kupinga unyonyaji wa watoto kingono) na INTERPOL ulikuta asilimia 4 ya watoto wetu wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa ukatili wa kingono kwa njia ya mtandao ndani ya mwaka mmoja, na kwa hesabu ya nchi nzima hao ni kama watoto 200,000. Sheria nazo mnazo: ya Mtoto ya 2009, ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sitaongeza karatasi juu ya karatasi.

Lakini Tume, nanyi nina neno nanyi peke yenu, maana wengi hawajawazoea bado tangu mlipozinduliwa Aprili 2024. Anzeni karibu. Novemba na Desemba, fungueni kurasa za shule za chekechea na msingi, hasa za binafsi. Mtakuta mtoto amevaa joho, jina lake kamili, darasa lake, nembo ya shule, mara nyingine na umri na jina la mzazi. Shule inatafuta wanafunzi wapya, naielewa. Lakini yule mtu wa "Arusha" alijuaje jina la mwalimu wa hesabu? Tulikuja kuliona na mama yake, lilikuwa kwenye picha ya mahafali, chini yake wamepongezwa walimu wote kwa majina na masomo yao. Kenya, Septemba 2023, kamishna wao wa data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 za kwao kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sidai muanze na faini. Waraka mmoja kwa wakuu wa shule kabla ya msimu wa mahafali ungetosha kwa mwaka wa kwanza.

Na sisi wazazi tumo. Nimemweka mwanangu kwenye status mara ngapi, na sare, mbele ya geti la shule? Nimezifuta juzi, usiku, moja moja. Zilikuwa sitini na mbili.

Yule binti amehamishwa shule. Mama yake hataki simu ile iingie nyumbani kwake, na askari alisema isifutwe wala isibadilishwe chochote mpaka atakapopiga, kwa hiyo imebaki kwangu. Iko droo ya chini, imefungwa mpira, kikaratasi chake hakina jina. Kila Jumapili naitoa naichaji, maana betri yake imezeeka na naogopa ikizima kabisa haitawaka tena. Namba ya kituo nimeiandika ukutani juu ya feni. Hawajapiga bado.

Wenu mtiifu,

Fundi simu
Ngamiani, Tanga